Matunda ya mnavu: Jinsi sumu yake ya asili inavyopimwa na mlaji anavyoweza kujikinga

WATOTO wanaochunga mifugo katika sehemu nyingi za mashambani nchini Kenya huyafahamu matunda ya mnavu vyema kuliko mtu mzima yeyote. Wakati mama zao wanapochuma majani kwa ajili ya mboga, wao hutafuta vitunda vya mviringo vilivyoiva, vingine vya rangi ya chungwa na vingine vya zambarau iliyokolea hadi kuwa nyeusi, wakavila papo hapo.

Mboga hiyo, inayoitwa managu na Wakikuyu, osuga na Waluo na rinagu na Wakisii, imerejea kwa kishindo katika masoko na hoteli za mijini. Hata hivyo, matunda yake yangali yanazua mgogoro katika familia nyingi. Nyanya huwaambia wajukuu kwamba aliyala utotoni na hayakumdhuru. Mzazi aliyesoma vitabu vya kigeni hushikilia kwamba ni sumu tupu.

Wote wawili wana sehemu ya ukweli. Tunda bichi la mnavu lina sumu ya asili, na tunda hilo hilo likiiva kabisa sumu hiyo hupungua sana, katika baadhi ya aina ikawa haba mno. Tofauti kati ya chakula na sumu hapa ni suala la aina ya mmea, kiwango cha kuiva na kiasi kinacholiwa. Mambo hayo matatu hayathibitishwi kwa hoja wala kwa ulimi, bali kwa kupimwa.

Jina moja, mimea mingi

Kosa la kwanza ambalo hufanywa ni kudhani kwamba mnavu ni mmea mmoja. Kwa miaka mingi, vitabu viliuandika kwa jina moja la kisayansi, Solanum nigrum. Utafiti wa wataalamu wa mimea umeonyesha kwamba jina hilo limekuwa likifunika kundi zima la mimea inayofanana.

Mwaka wa 1997, mtaalamu wa mimea Jennifer Edmonds na Profesa James Chweya wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha kitabu kuhusu kundi hilo, wakieleza jinsi linavyotumika kama chakula na dawa katika mabara mbalimbali. Mnamo 2018, timu ya watafiti iliyojumuisha Tiina Särkinen na Sandra Knapp ilichapisha uchambuzi mpya uliotambua aina 19 katika Afrika, Asia, Ulaya na Australia.

Miongoni mwa aina zinazopatikana Kenya ni Solanum scabrum, yenye majani mapana na matunda makubwa ya zambarau iliyokolea. Ndiyo inayopandwa kwa wingi na wakulima wanaouza mboga. Nyingine ni Solanum villosum, ambayo matunda yake huwa ya rangi ya chungwa au mekundu yanapoiva. Ipo pia Solanum americanum, yenye vitunda vidogo vyeusi vinavyong'aa.

Aina hizi hazina kiasi sawa cha sumu. Hata ndani ya aina moja, mbegu za eneo fulani zinaweza kutofautiana na za eneo jingine. Kwa hivyo, ripoti ya maabara inayosema tu kwamba "mnavu ulipimwa" bila kutaja aina haimsaidii sana mlaji.

Sumu yenyewe

Sumu inayozungumziwa ni kundi la kemikali ziitwazo glikoalkaloidi. Mmea huzitengeneza ili kujikinga dhidi ya wadudu, kuvu na wanyama. Kila moja huwa na sehemu mbili: kiini chenye naitrojeni, na mnyororo wa sukari ulioshikamana nacho.

Historia ya elimu hii ilianzia katika matunda ya mnavu wenyewe. Mwaka wa 1820, mfamasia Mfaransa aliyeitwa Desfosses alifaulu kutenga kemikali kutoka kwa matunda ya mnavu wa Ulaya, akaiita solanini kutokana na jina la mmea. Baadaye ilibainika kwamba kemikali za jamii hiyo zimo pia katika viazi, hasa vilivyogeuka kijani au kuchipua.

Katika kundi la mnavu, glikoalkaloidi ambazo hutafutwa sana ni solasonini na solamajini, pamoja na solanini. Hizo mbili za kwanza zimo pia katika tunguja, tunda la manjano la mmea wa miiba unaoota kando ya barabara na katika malisho, ambalo watu wengi hapa nchini hulijua kuwa si la kuliwa.

Kemikali hizi hudhuru kwa njia mbili. Kwanza, huharibu utando wa seli, hasa za matumbo. Pili, huzuia kimeng'enya kinachodhibiti mawasiliano ya neva. Ndiyo sababu mtu aliyekula kiasi kikubwa huanza kwa kichefuchefu, kutapika, kuumwa na tumbo na kuhara, na hali ikizidi huweza kupata kizunguzungu na kuchanganyikiwa.

Dalili hizo zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Aghalabu zinapojitokeza, huhusishwa na maji machafu au chakula kilicholala, na chanzo halisi kikasahaulika.

Kiasi gani hudhuru?

Takwimu nyingi zinazotumiwa na wanasayansi zinatokana na viazi. Kwa muda mrefu, miligramu 200 za glikoalkaloidi katika kila kilo moja ya viazi vibichi zimechukuliwa kuwa ukomo ambao haufai kupitwa. Mwaka wa 2022, Umoja wa Ulaya ulipendekeza kwamba kiasi kikizidi miligramu 100 kwa kilo, sababu yake ichunguzwe.

Mnamo 2020, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) ilisema kuwa miligramu moja ya glikoalkaloidi za viazi kwa kila kilo ya uzani wa mwili kwa siku ndiyo kiwango cha chini zaidi kilichoonekana kuleta madhara.

Hesabu rahisi hudhihirisha uzito wa jambo hili. Tuseme matunda fulani yana miligramu 200 kwa kilo. Mtu mzima wa kilo 60 angelazimika kula gramu 300 ili kufikia kiwango hicho cha madhara. Mtoto wa kilo 15 angekifikia kwa gramu 75 pekee, kiasi kinachojaa katika viganja vyake viwili.

Hesabu hiyo ni ya kulinganisha tu, kwani vipimo vya viazi haviwezi kuhamishiwa kwenye mnavu moja kwa moja. Hata hivyo, inaonyesha kwamba tunda lisilomdhuru baba linaweza kumlaza mwanawe kitandani.

Historia ina mifano ya maafa ya jamii hii. Mwaka wa 1969, wavulana 78 wa shule moja kusini mwa London nchini Uingereza waliugua baada ya kula viazi vilivyokuwa vimehifadhiwa tangu muhula uliotangulia. Kumi na saba kati yao walilazwa hospitalini. Wote walipona, na uchunguzi ukaelekeza kidole kwa solanini.

Nchini Marekani, aina ya viazi iliyoitwa Lenape ilitolewa kwa wakulima mwaka wa 1967, kisha ikaondolewa mwaka wa 1970 baada ya kugunduliwa kuwa na glikoalkaloidi kupita kiasi. Wafugaji wa mbegu walikuwa wametilia maanani ubora wa viazi hivyo kwa kukaanga. Tangu hapo, kupima sumu hii kumekuwa sehemu ya kazi ya kuzalisha mbegu mpya za viazi.

Kazi ya maabara

Upimaji wa matunda ya mnavu huanzia shambani. Mpimaji huchukua tawi lenye majani, maua na matunda, akalikausha na kulihifadhi ili wataalamu watambue aina yake. Nchini Kenya, mikusanyo ya mimea ya aina hiyo huhifadhiwa katika Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi. Bila hatua hii, tarakimu zote zitakazofuata hazitakuwa na mwenyewe.

Kisha matunda hutengwa katika mafungu kulingana na kuiva kwake: mabichi ya kijani, yanayoanza kubadilika rangi na yaliyoiva kabisa. Kuyachanganya ni kuharibu kipimo, kwa sababu vitunda vichache vya kijani vinaweza kuficha usalama wa yaliyoiva, au wingi wa yaliyoiva ukaficha hatari ya mabichi.

Matunda hupimwa uzani, hugandishwa, hukaushwa na kusagwa. Unga huo hulowekwa katika kimiminika chenye asidi, mara nyingi ile iliyomo katika siki, ambayo huvuta glikoalkaloidi kutoka kwa nyama ya tunda. Baada ya hapo huchujwa na kusafishwa ili sukari, rangi na uchafu mwingine uondolewe.

Njia nyepesi na ya gharama nafuu ya kuendelea ni kudondoshea maji hayo kwenye kibao chembamba kilichopakwa unga maalumu. Kimiminika kingine hupanda polepole na kutenganisha kemikali. Kisha kibao hupuliziwa dawa ya Dragendorff, na mahali penye alkaloidi hujitokeza madoa ya rangi ya chungwa. Njia hii huonyesha kama kemikali ipo, lakini si hodari wa kueleza ni kiasi gani.

Ili kupata kiasi, maabara hutumia mashine ya kromatografia. Hapo kimiminika husukumwa kwa nguvu ndani ya bomba jembamba lililojazwa chembechembe laini sana. Kila kemikali hutoka upande wa pili kwa wakati wake. Mashine huchora vilele, na ukubwa wa kilele hulinganishwa na ule wa kemikali safi ambayo kiasi chake kinajulikana.

Maabara zenye uwezo zaidi huongeza kifaa cha kupima uzito wa molekuli. Hata hapo uangalifu huhitajika. Solanini na solamajini zina idadi sawa ya kaboni, haidrojeni, naitrojeni na oksijeni, hivyo basi uzito wa molekuli zake ni ule ule. Anayetegemea uzito pekee anaweza kuita moja kwa jina la nyingine. Ni kwa kuzingatia pia wakati ambao kila moja hutoka katika bomba ndipo hutofautishwa.

Mpimaji mwaminifu hurudia kipimo mara kadhaa. Aidha, hutia kiasi kinachojulikana cha kemikali safi katika sampuli nyingine ili kuona kama mashine itakipata chote. Ikipatikana nusu tu, basi hata matokeo ya sampuli halisi yamepungua.

Vilevile, ripoti sharti ieleze kama tarakimu zake ni za tunda bichi lenye maji au la unga mkavu. Tunda lina maji mengi, na likikaushwa kiasi cha sumu kwa kila kilo huonekana kupanda mara kadhaa ingawa hakuna kilichoongezeka. Magazeti na wauzaji wengi wamewahi kupotoka hapo.

Vipimo vimefunza nini?

Funzo linalojirudia ni kwamba glikoalkaloidi huwa nyingi katika tunda la kijani, kisha hushuka sana linapoiva. Ndivyo ilivyo pia kwa nyanya, jamaa wa mnavu, ambayo ikiwa bichi huwa na kemikali nyingi ya kundi hilo na ikiiva hupungukiwa nayo. Mmea hulinda mbegu zake mpaka zikomae, halafu huwakaribisha ndege waje wale na kuzisambaza.

Kuhusu majani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani, wakishirikiana na Kituo cha Mboga Duniani chenye tawi mjini Arusha, Tanzania, wamepima mnavu wa Kiafrika wa mbegu mbalimbali na kupata kuwa kiasi cha glikoalkaloidi katika majani yanayoliwa kilikuwa chini ya kile kinachohofiwa kudhuru.

Habari hiyo ni njema kwa walaji wa mboga. Hata hivyo, kipimo cha jani si kipimo cha tunda, na kipimo cha mbegu iliyochaguliwa na wataalamu si kipimo cha mnavu uliojiotea kando ya mto.

Jambo hili lina uzito wa kibiashara pia. Mkulima anayezalisha mbegu za Solanum scabrum huponda matunda yaliyoiva, huosha mbegu kwa maji na kuzianika kivulini. Maji na nyama ya tunda, yenye rangi nzito ya zambarau, humwagwa. Si ajabu kwamba wapo wanaowaza kuigeuza jemu, sharubati au rangi ya chakula. Kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa, sampuli za matunda hayo zinapasa kufika maabarani.

Mzozo wa mwaka wa 1909

Ulimwengu ulishapata kuona jinsi mabishano yasiyo na vipimo yanavyozaa joto bila mwanga. Mwaka wa 1909, mzalishaji maarufu wa mimea wa California, Luther Burbank, aliuza mmea mpya wa matunda aliodai kuupata kwa kuzalisha aina mbili pamoja. Mfanyabiashara John Lewis Childs wa New York aliutangaza kote Marekani kwa jina la Wonderberry.

Muda si muda, wakosoaji walidai magazetini kwamba mmea huo haukuwa chochote ila mnavu wa kawaida, tena wenye sumu. Burbank, kwa hasira, aliahidi dola 10,000 kwa yeyote ambaye angethibitisha hilo. Malumbano yalidumu, na sifa ya Burbank ikapata dosari.

Miaka 60 baadaye, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1969, mtaalamu wa mimea Charles Heiser alieleza uchunguzi wake wa mimea hiyo. Leo Wonderberry huhesabiwa kuwa Solanum retroflexum, aina ya mnavu yenye asili ya Afrika. Huko Afrika Kusini, matunda yake yaliyoiva hupikwa jemu. Bara Afrika lilikuwa na jibu tangu mwanzo, ila hakuna aliyeliuliza.

Usalama usiopimwa hivi

Zipo njia kadhaa ambazo watu hutegemea lakini haziaminiki. Ya kwanza ni kuangalia ndege. Ndege hula matunda mengi ambayo mwanadamu hawezi kuyahimili, kwani miili yao haifanyi kazi kama yake.

Ya pili ni kuchemsha. Glikoalkaloidi hustahimili joto la maji yanayochemka. Baadhi yake huweza kuhamia katika maji, na hupungua maji hayo yakimwagwa, lakini jemu na mchuzi havimwagwi maji. Kupika hakugeuzi tunda bichi kuwa bivu.

Ya tatu ni kuonja. Uchungu ni dalili ya kweli, na mwenye kuuonja anapaswa kutema mara moja. Lakini kukosekana kwa uchungu si cheti cha usalama, maana sukari ya tunda au ile inayotiwa katika jemu inaweza kuufunika.

Pia ni muhimu kutenganisha mnavu na mimea mingine ya ukoo wake. Hofu kubwa katika vitabu vya Ulaya hutokana na mmea uitwao Atropa belladonna, ambao asili yake ni Ulaya, Asia Magharibi na Afrika Kaskazini. Tunda lake hukaa peke yake juu ya majani matano yaliyotandazika kama nyota, ilhali matunda ya mnavu huning'inia kwa vichala. Sumu yake ni atropini, ambayo ni ya kundi tofauti kabisa.

Afrika Mashariki ina sumu ya kundi hilo katika mranaha, au datura, gugu linaloota hata katika mashamba ya nafaka. Mwaka wa 2019, mamia ya watu katika eneo la Karamoja nchini Uganda waliugua na watano wakafariki baada ya kula chakula cha msaada kilichochanganyika na sumu ya jamii hiyo. Kipimo cha solanini pekee kisingeigundua. Maabara huona kile ilichoagizwa kutafuta.

Mwongozo kwa mlaji

Kwa anayechuma nyumbani, kanuni ya kwanza ni kutokula tunda la mnavu lililo na dalili yoyote ya kijani. Tunda lililoiva huwa laini, hubadilika rangi lote na hukatika kwa urahisi kutoka kwenye kikonyo. Rangi pekee haitoshi, kwa kuwa baadhi hupata weusi kabla ya kukomaa ndani.

Kanuni ya pili ni kutokula mnavu usiojulikana. Ule ambao matunda yake yameliwa kwa vizazi katika eneo fulani una ushahidi wa matumizi, ambao ni bora kuliko kubahatisha ingawa haulingani na kipimo. Mtu aliyehamia eneo jipya asidhani kwamba mmea unaofanana na wa kwao ni ule ule.

Tatu, watoto wadogo wasiachiwe kula kwa wingi hata yaliyoiva, na wafunzwe kutofautisha mnavu na tunguja pamoja na mranaha. Iwapo mtoto atatapika, kuhara au kuchanganyikiwa baada ya kula matunda ya mwituni, apelekwe hospitalini bila kungoja, na tawi la mmea huo libebwe ili madaktari wautambue.

Kwa anayekusudia kuuza bidhaa za matunda haya, hakuna njia ya mkato. Anahitaji kujua aina ya mbegu yake, kutenga yaliyoiva kwa mkono, na kupeleka sampuli za kila msimu katika maabara inayotambulika, akiitaka itaje glikoalkaloidi kwa majina na kwa uzani wa tunda bichi lenye maji.

Wahenga walisema kwamba mvumilivu hula mbivu. Kwa mnavu, methali hiyo ni kanuni ya afya. Nyanya aliyekula matunda haya utotoni bila kudhurika alikuwa amefunzwa kusubiri yaive, na funzo hilo lafaa kurithishwa pamoja na mbegu.